Kati ya Simiyu na Shafiki

Bukoto, Ijumaa alasiri

Nekesa, mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa nywele, na umesema hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hiyo nina meza, nina kalamu, na nyumba ni tupu. Begi lako la kwenda chuoni kesho liko pale mlangoni, zipu imegoma kufunga upande mmoja. Shangazi yako ameshakuambia yote ya kuambiwa: usiweke simu karibu na dirisha la basi, chemsha maji, usiazimishe sufuria yako kwa mtu usiyemjua. Sina la kuongeza hapo. Yeye anayajua mambo hayo kuliko mimi.

Ninataka kujibu swali lako. Wiki iliyopita ulirudi kutoka kwenye kibanda cha rolex na chapati zako za mayai ukanikuta ninapiga pasi shati la kazi. Ulisema, "Baba, wale wanaume pale wanabishana tena. Kati ya Simiyu na Shafiki, nani alikuwa mpigaji mkali zaidi? Wamesema nikuulize wewe, eti wewe ndiye mwenye daftari." Nikakuambia chapati zinapoa. Ukakaa, ukala, ukanitazama mara moja, wala hukurudia. Katika nyumba hii umejifunza kutorudia swali. Hilo nimelifanya mimi.

Nikijibu kwa mdomo nitakwama katikati, na wewe utanionea huruma. Ndiyo maana ninaandika.

Ulikuwa na miaka mitatu mama yako alipofariki. Humkumbuki, na sikukusaidia kumkumbuka. Simiyu, kaka yako, alikuwa na miaka kumi, alimkumbuka vizuri. Baada ya mazishi kule Webuye nilirudi nanyi hapa Kampala kwa sababu kazi yangu ya ghala ilikuwa hapa, na kwa sababu nyumbani kila mtu alikuwa akinitazama usoni kuona kama nitalia. Sikulia. Watu walisema mimi ni mwanamume imara. Mimi nilikuwa sisikii kitu. Ukikalia mguu kwa muda mrefu unajua ni wako, lakini ukiubonyeza hausemi kitu. Ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima.

Mwaka uliofuata kocha mmoja, Mugerwa, alikuja shuleni kwa Simiyu na gunia la glavu kuukuu, akaanza kuwafundisha watoto besiboli. Watu wa mtaa walicheka. Walisema ni mchezo wa kupiga nyoka. Simiyu aliupenda siku ya kwanza. Jumamosi nilikuwa ninakwenda naye Kyambogo, wewe nikiwa nimekubeba mgongoni au umelala kwenye kanga kando ya uwanja, na nilisimama tu. Siku moja kocha aliniuliza, "Mzee, wewe si karani? Unaweza kuandika mchezo?" Akanipa daftari lenye viboksi vidogo vidogo, akanionyesha alama.

Niliandika mchezo ule kwa miaka minane. Kila mpira uliorushwa, kila uliopigwa, nani alifika besi ya kwanza, ile alama ya kwanza ya kukimbilia, nani alikamatwa njiani, nani alikosa mara tatu akarudi kukaa. Nikifika nyumbani ninajumlisha. Nikimaliza kujumlisha, Jumamosi imekwisha. Sitakudanganya kwamba niliupenda mchezo wenyewe. Nilipenda kwamba namba haziniulizi nimelalaje.

Timu zilikuwa nyingi, lakini wapigaji waliozungumzwa walikuwa wawili. Kaka yako alikuwa timu ya Bukoto. Shafiki alikuwa timu ya Kisenyi, kijana wa gereji ya mjomba wake, mabega mapana kwa sababu ya kubeba giaboksi tangu utotoni. Kaka yako ulimjua: mwembamba, mtulivu, anapiga wa kwanza katika timu. Alisimama pale na gongo begani na kuiacha mipira mibaya ipite, mmoja, mwingine, mwingine, mpaka mrushaji achoke na kumletea mzuri. Basi anaupiga mfupi juu ya vichwa vya walinzi, unaanguka pale ambapo hakuna mtu. Ilikuwa vigumu sana kumtoa. Shafiki alipiga wa nne, na alipiga kila kitu. Akiupata, mpira ulitoka nje ya uwanja na watoto walikwenda kuutafuta kwenye migomba. Akikosa, alizunguka mwenyewe mzima kama pia, akaanguka, akacheka.

Watu walibishana kuhusu hao wawili kwenye rolex, kwenye saluni, na kazini kwangu. Na mimi nilibishana kuliko wote, ila nilibishana na mtu mmoja tu, naye alikuwa ni Simiyu. Hukumbuki labda. Chakula kikiwa mezani nilifungua daftari. "Shafiki leo ametoa miwili nje. Wewe je?" Anasema, "Nimefika besi mara tatu, Baba." Ninasema, "Kufika besi ya kwanza si kutoa nje." Wiki nyingine Shafiki amekosa mara zote, na ninamwambia, "Unaona, leo umemshinda, kwa nini wiki jana ulilala?" Alikuwa anakula akinisikiliza. Wewe ulikuwa unachora kwenye kurasa tupu za nyuma ya daftari. Nilidhani ninamjenga. Nilidhani baba anayejua namba zote za mtoto wake ni baba anayemjali.

Sasa nikwambie ile Jumamosi.

Kulikuwa na timu ya vijana iliyokuwa inasafiri Japani kwa mazoezi ya miezi mitatu, na ilibaki nafasi ya mpigaji mmoja. Kocha Mugerwa alitakiwa kupeleka jina. Simiyu alikuwa na miaka kumi na tisa, Shafiki pia. Baada ya mchezo pale Kyambogo, wachezaji wa timu zote mbili wamekaa kwenye nyasi, wazazi na watazamaji wamesimama nyuma yao, kocha aliniita mbele.

"Mzee Wekesa, wewe ndiye unajua. Sisi tunaona na macho tu, wewe unayo kitabu. Tuambie, ssebo. Nani aende?"

Kabla sijafungua mdomo mtu mmoja nyuma akasema, "Ah, huyo si atasema mtoto wake!"

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Lakini kiliniingia. Nilikuwa nimeishi katika mji huu miaka mingi kama Mkenya mwenye mkono safi, karani ambaye ghalani kwake haikupotea hata skrubu, na sikutaka watu wa Kyambogo waseme nimempendelea mwanangu.

Nikafungua daftari. Nikasoma kwa sauti mipira yote ambayo Shafiki alikuwa ametoa nje msimu ule, mmoja mmoja. Nilijua kwamba mingi aliipiga kwenye kiwanja chao kule chini, ambapo ukuta uko karibu hivi kwamba mpira ule ule ukipigwa Kyambogo unakamatwa na mtu aliyesimama bila hata kukimbia. Sikusema. Nilijua kwamba Simiyu alifika besi mara nyingi kuliko mtu yeyote katika timu zote. Sikusoma. Kisha nikafunga daftari nikasema, "Kwa daftari hili, ni Shafiki." Ningeishia hapo, pengine ingekuwa jambo la kusameheka. Nikaongeza, "Simiyu ni mpigaji wa kawaida tu."

Hakuna aliyeniuliza hilo la pili.

Watu walipiga makofi, Nekesa. Walinipigia makofi mimi. Mtu akasema, "Huyu ni mtu wa haki kweli!" Kocha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Na nilisikia utamu. Ninaliandika kwa sababu ndilo gumu kuliandika. Kwa miaka tisa sikuwa nimesikia kitu chochote, na kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa utamu wa kusifiwa kwa kumwangusha mwanangu mbele ya watu.

Simiyu alisaidia kukusanya besi, akazipanga kwenye gunia la kocha. Akaenda zake, akarudi nyumbani jioni. Tulikula. Ulipotoka kuosha vyombo akaniuliza, "Baba, unaamini ulichosema?"

Nikamjibu, "Daftari ndilo limesema."

"Sawa," akasema.

Hayo ndiyo mazungumzo yote. Kwa wiki tatu zilizofuata aliniamkia kila asubuhi, akaniaga kila nilipotoka. Hakununa. Nikajiambia mambo yamepita.

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakukuta unanisubiri kwenye ngazi, umevaa sare ya shule bado. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulisema, "Simiyu ameenda. Amesema usimtafute." Mimi nikakuuliza, "Amechukua koti?" Ukasema ndiyo. Nikanawa mikono nikala. Uliniangalia nikila. Ninajua uliniangalia. Sikuwa na njaa, nilikuwa ninatia tonge mdomoni kwa sababu sahani ilikuwa mbele yangu. Na Jumamosi nilikwenda Kyambogo nikaandika mchezo, na kwenye kiboksi cha mpigaji wa kwanza wa Bukoto nikaandika jina la mtu mwingine kwa mwandiko uleule.

Nilipiga simu yake, haikupatikana. Baada ya miezi miwili binamu yake wa Bungoma alinipigia kusema Simiyu ametuma ujumbe kwamba yu salama, basi. Nikasema asante. Baadaye na huyo binamu akabadilisha laini, na nikaacha. Mwaka uliofuata niliacha na kuandika pia. Nilimwambia kocha macho yamechoka.

Shafiki hakwenda Japani. Pasipoti yake ilichelewa, timu ikaondoka bila yeye, na akaingia gereji ya mjomba wake moja kwa moja. Hilo nililisikia kwa watu. Gereji yenyewe iko Kisenyi, barabara ya pili kutoka ghala letu. Kwa miaka saba, kila siku ya kazi, nilizunguka kwa barabara ya juu ili nisipite mbele yake. Njia ile ni ndefu zaidi, na ikinyesha ina matope. Sikujiambia kwa nini. Miguu ilikuwa inakata kona yenyewe.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne, pikapu ya ghala ilikufa klachi karibu na stendi ya teksi. Bosi akapiga simu akasema, "Isukumeni mpaka kwa Shafiki, yule ndiye fundi." Singeweza kukataa. Tukaisukuma, mimi na dereva, mpaka mlangoni kwake.

Alitoka chini ya lori akifuta mikono. Amenenepa kidogo, ana ndevu. Akanitazama.

"Mzee Wekesa! Banange! Umekuja kwa hii barabara leo?"

Nikasema, "Gari limeharibika."

"Mimi nilikuwa naona wewe kila asubuhi," akasema. "Unapita kule juu, naona kichwa. Nikasema, mzee hataki. Nikaacha."

Hakusema kwa ubaya. Akaleta kiti, akaagiza chai, akampa dereva kazi ya kufungua boneti. Tukakaa mlangoni na watu wakipita na mizigo yao mbele yetu. Nikaona ni lazima niseme kitu, na kwa sababu sikuwa na kitu kingine, nikaanza kumwambia habari za daftari. Nikamwambia kwamba ile siku sikusoma yote. Kwamba kiwanja chao kilikuwa kidogo. Kwamba Simiyu alistahili kusomwa vizuri zaidi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mzee, lakini sisi hatukuwa tunashindana."

"Watu wote walikuwa wanawashindanisha."

"Watu, ndiyo. Na wewe. Lakini mimi na Simiyu, hapana. Wewe hukujua tulikuwa na gongo moja?"

Nikamuuliza gongo gani.

"Ile ya bluu. Ya kwake. Sisi huku tulikuwa na gongo ya mbao, imepasuka, tumefunga na raba ya tyubu. Huwezi piga mpila na ile. Basi Simiyu akimaliza kucheza asubuhi ananiachia ya kwake, mimi nacheza mchana. Jioni napeleka. Na siku ya nyinyi na sisi, yeye anapiga, anaangusha hapo kwa nyasi, mimi naokota."

Mwanangu, nililiona gongo lile. Nililiona kila Jumamosi kwa miaka. Nilidhani ni mawili yanayofanana. Nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka pale nikiangalia mpira ulianguka wapi.

"Na ile siku ya Kyambogo?" nikamuuliza. "Alikuambia nini?"

Shafiki akazungusha kikombe.

"Alikuja hapa jioni hiyohiyo. Akasema hongera. Nikamwambia, mimi nakataa, nafasi ni yako, hata mimi najua ni yako. Kama ni mimi nachagua, nachagua wewe. Akasema hapana. Akasema, 'Ukikataa, Baba atakuwa amesema bure mbele ya watu. Wewe nenda.' Akaniachia gongo. Akasema Japani ni mbali, usiende na ile ya raba."

Dereva aliniita kuniuliza kitu kuhusu boliti. Nilimjibu, na jibu lilikuwa sahihi. Nilirudi nikakaa.

Shafiki aliingia ndani akalitoa gongo, akaniwekea mapajani. Rangi imebanduka, mkanda wa mkononi umechakaa ukawa mweusi unang'aa. Nilisubiri nisikie kitu. Nilisikia kwamba chuma ni baridi. Nikamrudishia.

"Humsikii siku hizi?" nikamuuliza, na nilikuwa ninauliza kwa adabu tu, kama unavyomuuliza mtu habari za mvua.

"Nani, Simiyu? Mzee, tunaongea kila wiki! Yuko Juba. Anafunga mabomba ya maji, yeye ndiye mkubwa wa mafundi sasa. Ana bibi. Ana mtoto." Akatoa simu, akatafuta, akanionyesha. Mtoto wa kike, ameshika kijiko, ana uji mpaka masikioni. "Huyu hapa. Rispa."

Rispa. Jina la mama yako.

Nilitazama picha ile mpaka simu ikajizima, Shafiki akaiwasha tena, nikatazama tena. Paji la uso ni la mama yako. Nikamwambia Shafiki, "Ni mtoto mzuri." Nikanywa chai yangu ikaisha. Klachi ilipokuwa tayari nikarudi ghalani nikatoa bearingi na mikanda ya injini mpaka saa kumi na moja, na sikukosea hata kipande kimoja. Ndivyo nilivyo. Usidhani ninajisifu. Kuna watu wangeanguka pale barabarani, na ninadhani hao wana bahati.

Sikukuambia usiku huo wala siku zilizofuata. Ulikuwa unapanga mambo ya safari. Hicho ndicho kisingizio, na ni kisingizio kizuri, nimevitumia vibovu zaidi.

Jumapili ulipokwenda kanisani nilishusha madaftari kutoka juu ya kabati. Nilitaka kukujibu kama karani, kwa haki kabisa, bila kicheko cha mtu nyuma yangu. Nikajumlisha upya. Nikaondoa mipira ya kile kiwanja kidogo. Nikaona Shafiki amebaki nyuma. Halafu nikakumbuka kwamba Shafiki alirushiwa na warushaji wa Bukoto, ambao walikuwa wakali kuliko wote, na Simiyu hakuwahi kurushiwa nao kwa sababu walikuwa wenzake. Nikamrudishia Shafiki kitu. Halafu nikakumbuka kwamba nyuma ya Shafiki hakukuwa na mpigaji wa kutisha katika timu yake, kwa hiyo warushaji walimrushia mibaya makusudi apate besi ya bure, wao wasipate taabu, na hizo nafasi za kupiga alizinyimwa. Simiyu naye nyuma yake kulikuwa na watu, walilazimika kumrushia. Nikaongeza hapa, nikapunguza pale. Nilifika mahali ambapo nikitaka awe Simiyu anakuwa Simiyu, na nikitaka awe Shafiki anakuwa Shafiki. Nikaweka kalamu chini.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: sijui. Waambie wale wa rolex kwamba mwenye daftari amesema hajui. Mtu mmoja alipiga kwenye kiwanja kimoja na watu fulani, mwingine kwenye kiwanja kingine na watu wengine, na mimi nilijua hivyo tangu mwanzo. Ile Jumamosi nilijua. Kama kocha angetaka ukweli wa daftari, ukweli ulikuwa kwamba daftari halijui.

Na kama baba, nilikuwa na maneno mengine ya kusema, mafupi zaidi. Ningeweza kusema, "Kocha, mmoja wao ni mwanangu. Muulize mtu mwingine." Basi. Nimeyatafuta maneno hayo kwa miaka saba na yalikuwa mepesi hivyo. Hakuna ambaye angenicheka. Na hata wangecheka.

Ninakuandikia hili kwa sababu unakwenda kusomea upimaji wa ardhi, na najua watakuita katikati ya ndugu wawili wanaogombania mpaka, na utakuwa na vyombo vyako na karatasi yako, na kila mtu atakutazama. Mara nyingi utajua jibu, na utalisema. Lakini ikiwa mmoja wa watu hao ni wako, toka hapo. Usipime kumpendelea, na usipime kumwonea ili uonekane safi. Mimi nilidhani ni kosa moja tu linalowezekana.

Kuna lingine, nalo ni lako wewe.

Tangu kaka yako aondoke sijawahi kukulinganisha na mtu. Uliniletea ripoti umekuwa wa kwanza katika hesabu, nikasema "vizuri" nikaiweka chini ya kitambaa cha meza. Sikuja siku ya wazazi. Sikuwahi kukuuliza nani alikuwa wa pili. Rafiki zako baba zao waliwagombeza kwa alama mbili, na wewe mimi sikukuuliza kitu, na mara moja ulipokuwa kidato cha tatu nilikusikia ukimwambia shangazi yako, "Baba hajali nikifaulu au nikianguka." Nilikuwa nje ya mlango. Sikuingia.

Nilikuwa ninajali, mama. Nilikuwa ninauogopa mdomo wangu. Nilijua namna moja tu ya kumtazama mtoto, na ile nilikuwa nimeshaona mwisho wake, basi nikaamua nisikutazame kabisa. Nilifikiri nimekuepusha. Sasa ninaona nimekulea kwenye nyumba yenye baridi ukadhani ndiyo hali ya hewa.

Ripoti zote ninazo. Si kwenye daftari. Ziko kwenye bahasha, sikuandika kitu juu yake.

Sitakuomba unisamehe kwa barua siku moja kabla ya safari, maana utajisikia umelazimika, na una basi la kupanda asubuhi. Wala sikuombi unielezee unavyonihisi. Kaa nalo. Ukiwa Eldoret na una mwezi mzima, au mwaka, kama kuna la kuniambia utaniambia, na nitakaa nikusikilize bila kukuambia kwamba chapati zinapoa.

Jana Alhamisi nilipita barabara ya chini, mbele ya gereji. Sikuwa na gari bovu. Nilimwambia Shafiki kwamba wewe unaondoka Jumamosi kwenda chuoni. Nikamwambia amfikishie Simiyu, akiona inafaa. Akasema, "Mzee, ongea mwenyewe, nakupigia sasa hivi." Akaishika simu tayari. Nikamwambia hapana, amwambie kwanza, amuulize kama anataka. Nimeshasema kwa niaba yake mara moja.

Leo saa saba Shafiki alikuja mwenyewe mpaka ghalani, na mikono yake ina oili bado. Alisimama kaunta kama mteja. Akasema, "Amefurahi. Amecheka kabisa, mzee. Akasema, 'Nekesa? Yule mdogo?' Hakuamini umri wako umefika chuo." Halafu akasema Simiyu ameomba namba ya simu yako.

Nikauliza kama ameomba na yangu.

Shafiki akatazama chini, akasema, "Bado, mzee."

Nikamwandikia namba yako kwenye karatasi ya ghala, kwa tarakimu kubwa, nikaisoma mara mbili kuhakikisha. Akaikunja akaondoka. Mteja aliyefuata alitaka mkanda wa feni, nikampa.

Atakupigia kesho, labda ukiwa bado njiani. Itakuwa namba ya Sudan Kusini, usiogope kuipokea. Usimuulize chochote kwa ajili yangu. Usimpe salamu zangu asipoziuliza. Mwulize habari za Rispa, na mwambie zako zote, hata za hesabu, umwambie ulikuwa wa kwanza. Yeye atataka kujua.

Mimi ni baba yako, na niko hapa,
Wekesa